Chakula cha Mlinzi Asiyesema

Mtu ampaye mwenziwe chakula hufanya mambo mawili kwa mkono mmoja: hutoa kitu kilicho chake, na huamua jambo lihusulo mwili usio wake. Kwa tendo la kwanza watu humsifu. La pili halitazamwi sana, maana aghalabu alaye ana ulimi, na ulimi ukikataa, sahani hurudishwa. Lakini wapo walao wasioweza kurudisha neno: mtoto mchanga, mgonjwa aliyezidiwa, na mnyama afugwaye. Wahenga walisema kuwa mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo husifu ukarimu usiongoja kuombwa, na sifa hiyo ni ya haki. Ila ndani yake mna hatari ambayo haikutajwa, kwamba yule asiyeulizwa kama ataka uji hakuulizwa pia ni uji gani aupendao, wala kama tumbo lake laweza kuupokea.

Katika Nyasubi, kata mojawapo ya mji wa Kahama mkoani Shinyanga, jambo hili si la kubuni. Mji wenyewe umekaa mahali zinapokutana mali mbili: mpunga wa mabondeni na dhahabu ya chini ya ardhi. Mgodi wa Buzwagi, uliochimbwa jirani na mji, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021. Wa Bulyanhulu, upande wa kaskazini, ungali kazini, na kutoka hapo kuelekea Geita mashimo ya wachimbaji wadogo ni mengi. Penye mali hapakosi kufuli, na penye kufuli hapakosi mlinzi. Kwa hiyo nyuma ya kuta nyingi, za maghala ya mpunga na za nyumba za watu, jioni mbwa hufunguliwa mnyororo, na alfajiri hufungwa tena.

Na achukuliwe mmoja wa mbwa hao kuwa mfano. Aitwe Simba, kama waitwavyo wengi wasio na chembe ya usimba. Ni mbwa wa miaka mitatu, mwembamba wa kiuno, mwepesi. Usiku kucha hukimbia kandokando ya ukuta wa ghala, hufukuza paka, panya na vivuli, na asubuhi hulala kama aliyepigwa. Kazi yake haina lawama. Lakini tumbo lake ni dhaifu. Siku tatu choo chake ni kigumu, siku mbili ni kama maji. Mbavu zaanza kuhesabika, na manyoya yamepoteza mng'ao. Mwenye ghala, ambaye si mtu mbaya, huona mbavu hizo akaamuru kwamba mbwa aongezewe chakula. Hapo ndipo mashaka yaanzapo, kwa kuwa kila mtu aliyepo uani anayo rai juu ya chakula hicho.

Mwenye ghala husema kuwa mbwa ni mla nyama, na ya kuwa mbwa afanyaye kazi ale mafuta apate nguvu. Basi hutuma buchani yaletwe mafuta, ngozi na matumbo. Mpishi wa nyumba huona kuwa makombo yatosha: ugali wa jana na mchuzi uliobaki, vitunguu na pilipili na chumvi vikiwa humo humo. Jirani mmoja, aliyewahi kukaa Dar es Salaam, hushauri kununuliwa chakula kikavu cha mifuko kitokacho ng'ambo. Wote watatu wana nia njema. Na ukichunguza utaona kwamba wote watatu wamejibu swali lisilokuwa la Simba: wa kwanza amejibu kwa picha aliyo nayo kichwani juu ya mbwa hodari, wa pili kwa hesabu ya jiko lake, wa tatu kwa heshima ya mji mkubwa. Hakuna aliyekwenda kukitazama choo cha mbwa.

Rai ya kwanza ina ukweli mwingi, na kwa sababu hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote. Ni kweli kwamba mbwa ametokana na mbwa mwitu, na kwamba mbwa akimbiaye kwa muda mrefu huchoma mafuta mwilini kuliko wanga. Mbwa wavutao sleji katika mashindano ya huko Alaska hula chakula cha zaidi ya kilokalori 10,000 kwa siku, nacho kimejaa mafuta, ilhali mtu mzima wa kawaida hutosheka na 2,000 au 2,500. Lakini mafuta ndiyo mzigo mzito kwa tumbo dhaifu. Yasipomeng'enywa katika utumbo mwembamba huteremka hadi utumbo mpana, na huko huvuta maji na kuleta kuhara; na yakiwa mengi kwa ghafula huweza kuamsha uvimbe wa kongosho, maradhi ya maumivu makali ambayo pengine huua. Ajabu ya jambo hili ni kuwa mbwa ahitajiye zaidi ndiye huyo huyo awezaye kupokea kidogo. Kazi yake yadai mafuta, tumbo lake layakataa; na anayemlisha kwa kutazama kazi peke yake humkondesha kwa kile kile anachokusudia kumnenepeshea.

Hapa pana fundisho juu ya ukarimu ambalo wanafalsafa hawakulishughulikia vya kutosha. Mazoea ni kupima zawadi kwa kile kilichotoka mkononi mwa mtoaji. Mwenye ghala akisema kuwa jana alitoa kilo mbili za nyama hasemi uongo. Lakini mwili wa mlaji haujui kilo zilizotolewa, wajua zilizopokewa. Kilo mbili zilizopita tumboni kama maji ya mfereji ni sawa na kutopewa kitu, tena ni hasara, kwa sababu zimechukua na maji na chumvi za mwili zilizokuwamo.

Rai ya mpishi watu wa siku hizi huicheka upesi mno. Ugali si tusi kwa mbwa. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha kuwa mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni itengenezayo kimeng'enya cha kuvunja wanga kuliko mbwa mwitu. Maana yake ni kwamba katika maelfu ya miaka ya kukaa na wakulima, na kula walichobakiza, tumbo lake limekuwa tumbo la nyumbani. Wanga uliopikwa ukaiva vema humwingia bila taabu. Kosa la mpishi haliko katika ugali, bali katika mambo mawili yafuatanayo nao. La kwanza ni mchuzi: kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na chumvi na pilipili huongeza ukali katika tumbo lililokwisha kuwa na kidonda.

La pili ni unga wenyewe. Katika nyumba nyingi ni desturi kwamba mahindi mazuri husagwa kwa ajili ya watu, na yale yaliyoota ukungu hutengwa kwa ajili ya kuku na mbwa. Desturi hiyo huonekana kuwa ni busara ya kutotupa kitu. Lakini ukungu huo huweza kuleta sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Ilianza kutambuliwa huko Uingereza mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa kulishwa mashudu ya karanga. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika mashariki ya Kenya kwa mahindi. Mwaka 2016 ilirudi ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wala mbwa hawakusalimika: mwishoni mwa mwaka 2005 mbwa wengi walikufa Marekani kwa chakula cha mifuko kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Ini la mbwa ni dhaifu sana mbele yake, na dalili za mwanzo ni zile zile za tumbo bovu: kukataa chakula, kutapika, kuhara. Basi mtu aliyeyakataa mahindi hayo kwa ajili ya nafsi yake, akayapeleka kwa yule asiyeweza kuyakataa, hakuokoa chakula. Alitafuta kinywa kisichosema akakifanya jalala.

Tena liko jambo la matumbo na mapafu mabichi yatokayo machinjioni, ambayo mwenye ghala huyapata kwa bei ndogo. Viungo vya ng'ombe, mbuzi na kondoo huweza kuwa na malengelenge ya mnyoo mdogo sana ambao hukomaa katika utumbo wa mbwa, kisha mayai yake hutoka na kinyesi na kuwafikia watu, hasa watoto wachezao na mbwa, yakazaa uvimbe mkubwa katika ini na mapafu. Miongoni mwa Waturkana wa Kenya maradhi haya yameonekana kwa wingi usio na mfano katika sehemu nyingi za dunia. Kuchemsha kwa muda mrefu humaliza hatari hiyo. Hivyo hata yule asemaye kwamba hana wajibu wowote kwa mnyama analazimika kukichungulia chungu cha mbwa, kwa sababu sufuria ya mbwa na sahani ya mtoto ziko karibu kuliko adhaniavyo.

Ama rai ya jirani, haina ubaya ikiwa fedha ipo na mfuko haukukaa juani dukani hadi mafuta yake yakaoza. Chakula kizuri cha mifuko kimepimwa madini na vitamini kwa uangalifu ambao sufuria ya nyumbani haina. Lakini bei si dawa, wala maandishi ya mfuko si ushahidi. Miaka michache iliyopita ilienea fahari ya chakula cha mbwa kisicho na nafaka, kana kwamba nafaka ni uchafu. Na mwaka 2018 idara ya serikali ya Marekani isimamiayo chakula na dawa ikatangaza kuwa inachunguza kama baadhi ya vyakula hivyo, vyenye njegere na dengu nyingi, vina uhusiano na ugonjwa wa moyo katika mbwa. Uchunguzi haukuthibitisha kwamba ndivyo vilivyousababisha. Hata hivyo ulionyesha ni wepesi gani watu wanavyobadili chakula cha mnyama kwa kufuata mtindo wa wanadamu. Na mbwa ambao kweli hudhurika kwa aina fulani ya chakula, mara nyingi zaidi hudhurika kwa nyama ya ng'ombe, kwa maziwa au kwa kuku kuliko kwa nafaka.

Basi tumbo la Simba litaulizwaje? Huulizwa kwa saburi, na jibu lake husomwa ardhini kila asubuhi. Anayefaa kwa kazi hiyo si mwenye ghala wala jirani. Ni mlinzi wa zamu, mzee akaaye na mbwa usiku kucha, aijuaye miguno yake. Naye huanza kwa kuondoa mashahidi wa uongo. Chakula hakistahili kushitakiwa kabla minyoo haijatafutwa, kwa maana katika sehemu hizi minyoo ni sababu ya kawaida mno ya mbwa kuhara. Daktari wa mifugo akiletwa kwanza, huenda shauri likaisha kwa vidonge. Maji nayo hutazamwa. Mbwa anywaye katika dimbwi la kuoshea mchanga wa dhahabu, mahali palipotumika zebaki, hakuna uji wowote utakaomponya.

Mambo hayo yakiisha, hufuata chakula kitulivu. Nyasubi imebarikiwa kwa jambo hili kuliko ijuavyo. Mashine za kukoboa mpunga hutoa chenga, mchele uliovunjika, uuzwao kwa bei ndogo kuliko mchele mzima. Nazo zikichemshwa kwa maji mengi hadi zilainike, huwa chakula chepesi kuliko karibu vyote. Huongezwa nyama kidogo isiyo na mafuta, kama vile kuku asiye na ngozi, iliyochemshwa bila chumvi na kutolewa mifupa, kwani mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vichomavyo utumbo. Dagaa wa ziwani nao wafaa, wakioshwa mchanga mara kadhaa. Viazi vitamu vilivyochemshwa, hata michembe ya Kisukuma ikilainishwa vizuri, humsaidia yule ambaye choo chake hakishikani. Maziwa hayamo, mbwa wengi wazima hawawezi kuimeng'enya sukari yake.

Kisha ni kipimo na wakati. Bakuli moja kubwa la usiku hugawanywa kuwa matatu madogo. Lililo kubwa kidogo hutolewa asubuhi baada ya zamu, wakati mwili umetulia. La jioni hutolewa saa mbili au tatu kabla ya kufunguliwa mnyororo, kwa kuwa mbwa wa kifua kirefu akimbiaye na tumbo lililojaa huweza kusokoteka tumbo akafa kabla hakujapambazuka. Choo kikishikana kwa siku kadhaa, chakula cha kudumu huingizwa polepole, robo kwa robo, kwa muda wa siku saba hadi kumi. Na mafuta yale yale aliyoyataka mwenye ghala hurudi, maana hakukosea kwamba yanahitajika. Lakini hurudi kwa kijiko kidogo, na kijiko cha pili hungoja hadi cha kwanza kikubaliwe. Ikiwa shaka iko juu ya aina ya nyama, hutumika aina moja tu, ambayo mbwa hakuizoea, kwa majuma manane hivi, bila kuchanganywa na kitu kingine, hata kipande cha mkate atupacho mtoto. Katika sheria zote za chakula cha mbwa hii ndiyo ngumu kuliko nyingine, nayo huvunjwa na watu wenye huruma.

Chenga na kuku peke yake, lakini, si maisha. Ni chakula cha kupumzisha tumbo. Mbwa akikila miezi mingi atakosa chokaa ya mifupa na mengine. Ndipo daktari wa mifugo aulizwe juu ya ganda la yai lililosagwa, ini kidogo, na kadiri ya kila kimoja.

Hapa msomaji mwenye watoto huenda ameanza kunung'unika. Kuku kwa mbwa, ilhali nyumba ya tatu mtoto ala ugali kwa chumvi? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na makala juu ya tumbo la mbwa ni rahisi kuandikwa na aliyeshiba. Nung'uniko hilo halistahili kupuuzwa. Mtoto hutangulia mbwa, na mtu atakayesema kinyume chake amepotewa na vipimo. Lakini hesabu hiyo haikufanywa kati ya mtoto wa jirani na Simba. Ilifanywa kati ya Simba na mali iliyomo ghalani. Mbwa huyu halishwi kwa hisani. Analipwa. Torati yakataza ng'ombe apuraye nafaka kufungwa kinywa, na maana yake iko wazi: mnyama afanyaye kazi ana fungu katika kazi hiyo. Watu wa Kahama hawahitaji kuelezwa thamani ya ulinzi, kwa kuwa ni katika sehemu hizi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndimo sungusungu walimozuka kupambana na wezi wa ng'ombe. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, ya mwaka 2008, imemwekea mfugaji wajibu juu ya mnyama wake. Asiyeweza kulipa mshahara huo anayo njia iliyo wazi ya heshima, nayo ni kutofuga.

Anayestahili kuhurumiwa katika habari hii ni mlinzi mzee, kwa maana mara nyingi mshahara wa mbwa hulipwa kutoka katika sahani yake. Mwenye ghala hutoa amri kwamba mbwa ale, hatoi cha kumlisha, na mlinzi hugawa ugali wake nusu kwa nusu gizani. Huo ni wema mkubwa wa mlinzi, na ni deni la mwingine lililolipwa na asiyedaiwa.

Immanuel Kant, alipofundisha huko Königsberg katika karne ya 18, alishika kwamba mtu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Ampigaye risasi mbwa aliyemtumikia, kwa kuwa sasa hawezi tena kazi, hajamdhulumu mbwa, ila ameujeruhi utu wake mwenyewe. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, aliliweka swali penginepo: si kama mnyama ana akili au usemi, bali kama aweza kuteseka. Mbele ya bakuli la Simba yaonekana kwamba Kant hakufika mbali. Mtu aujaliye utu wake mwenyewe ataridhika akiisha kutoa. Kilo mbili za mafuta zatosha kuutuliza moyo wake, naye atalala usingizi mwema huku mbwa akihara. Wala Bentham hakufika mwisho, kwa maana kujua kwamba fulani ateseka si kujua kinachomtesa.

Aliye karibu zaidi na jambo hili ni yule mtu asiye na jina wa katika Hadithi, aliyeshuka kisimani akanywa, akapanda akamkuta mbwa ametoa ulimi, akilamba udongo mbichi kwa kiu. Akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na kwa tendo hilo akasamehewa. Wahubiri husimulia huruma yake. Yafaa pia kutazama jicho lake. Kiu ilikuwa ndiyo kwanza imemtoka yeye mwenyewe, naye akaitambua katika ulimi wa mbwa na katika udongo ule, hakumtupia mkate. Alisoma alama, akatoa kile kilichoandikwa humo.

Katika ghala la Nyasubi alama husomwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa fimbo na jicho la mzee. Siku ya nane choo kimeshikana. Kijiko cha mafuta kimeongezwa nusu, na usiku ule Simba alibweka hadi sauti ikamkauka. Mwenye ghala, alipofunga hesabu za mwezi, alikuwa na shaka aandike wapi fedha za chenga na kuku. Kwanza aliandika chini ya hasara pamoja na magunia yaliyoliwa na panya. Kisha akafuta, akahamishia katika mstari wa ulinzi, chini ya mshahara wa mzee. Mstari huo utamsumbua tena. Baada ya miaka saba au minane miguu ya Simba itakuwa mizito, mafuta hayatahitajika kwa kadiri ya sasa, tumbo litakuwa dhaifu kuliko leo, na ukuta utakuwa na mbwa mwingine kijana. Itambidi aamue kama fedha za chenga za mbwa asiyefukuza hata paka zibaki pale zilipo, au zihame, au zifutwe.